Nyama ya Ijumaa

Siku hiyo Delia Garrihy alikuwa hakaliki wala hasimamiki. Tangu asubuhi alikuwa ameshakwenda dirishani mara ngapi, hata yeye mwenyewe asingeweza kukwambia, na kila akirudi jikoni anafunua sufuria aliyoifunua dakika mbili nyuma. Nyama ya chumvi haipendi kufunuliwafunuliwa. Inataka moto mdogo, maji yanayotikisika juu juu bila fujo, na mpishi aliyetulia. Delia aliyajua hayo tangu hajaolewa, lakini leo mkono wake ulikuwa haumsikilizi.

Mwanawe alikuwa anakuja. Fintan, mtoto wake wa pekee, alikuwa hajakanyaga nyumba ile kwa miaka minne na ushee. Hakuwa mbali, alikuwa akiishi upande wa pili wa Boston, mwendo wa nusu saa kwa gari, ila kwa jinsi alivyokuwa haonekani ungedhani amehamia mwezini. Halafu wiki mbili nyuma simu ikalia pale ukumbini. Fintan hakusalimia sana. Alisema amepata kazi California, wanahama Jumatatu tarehe ishirini, yeye na mkewe na mtoto, na kabla ya hapo wangepita kumwona siku ya Mtakatifu Patrick, saa nane mchana. "Hatutakaa sana, Mama," alisema. Delia akajibu haya, akaweka simu, akabaki ameshika ukuta.

Kulikuwa na mtoto wa miaka mitatu, damu yake, ambaye hajamwona hata kwenye picha. Na California si mahali pa kwenda na kurudi. Delia alijua, na Fintan alijua, kwamba akiondoka na kinyongo kile alichoondoka nacho siku ile, basi ndiyo imetoka hiyo, harudi.

Na hapa tusimung'unye maneno, kosa lilikuwa la Delia. Fintan alifunga ndoa ya bomani na Karin, msichana wa Kiswidi kutoka Minnesota, Mluteri, mrefu, mpole, asiyejua kusema uongo hata wa adabu. Mara ya kwanza alipomleta mkewe nyumbani ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima, siku ambayo Mkatoliki hagusi nyama. Karin alikuja na bakuli kubwa la vibonge vya nyama kwenye mchuzi mweupe, kazi ya mikono yake mwenyewe, ameamka alfajiri kuvipika. Maskini hakujua. Kwao Ijumaa ni siku tu kama siku nyingine, na Fintan, mwanamume mzima, akili yake ilikuwa wapi siku hiyo Mungu ndiye ajuaye. Pale jikoni walikuwepo wanawake wawili wa chama cha Rozari pamoja na Attracta, wifi yake Delia. Delia akalipokea bakuli. Akalifunua. Akatembea nalo mpaka kwenye pipa la taka, akakanyaga pedali, akamwaga vyote, kibonge cha mwisho akakisukuma kwa kijiko. Kisha akaliosha bakuli, akalikausha vizuri, akamrudishia mwenyewe mkononi bila kusema neno. Fintan alichukua makoti yao mawili wakatoka, na ndio ukawa mwisho.

Attracta sasa ndiye aliyeugeuza mkasa ule kuwa sifa. Alikuwa dada yake marehemu Colman, mume wa Delia, hajawahi kuolewa, anaishi ghorofa ya juu ya nyumba ile ile ya mbao, na kanisani alikuwa na mkono katika kila kitu isipokuwa kusoma Misa yenyewe. Kwa miaka minne alisimulia habari za pipa lile kila palipokuwa na masikio. Ikafika mahali wanawake wa parokia wakawa wanampisha Delia kwenye benchi kama shahidi wa dini. Delia alikuwa anakaa, anainamisha kichwa, anatamani ardhi ipasuke.

Kuomba radhi kwa mdomo hakujua. Kwao, kule Clare ng'ambo ya bahari alikozaliwa, hakuwahi kumsikia mtu mzima akisema nimekosa. Baba yake akikupiga bila sababu, jioni atakusogezea kiazi kizuri kuliko vyote, unakula bila kuuliza kitu, na hapo mambo yamekwisha. Kwa hiyo simu ilipokatika, Delia aliwaza kwa njia anayoijua. Atapika. Atampakulia yule msichana nyama kwa mkono wake mwenyewe, kwenye jiko lile lile, mezani pale pale, na nyama itasema kilichobaki.

Hakutaka ile iliyokwisha kutiwa chumvi na kufungwa dukani. Alikwenda kwa muuza nyama akachagua kidari cha ratili saba, chenye mafuta yake upande mmoja, akakileta nyumbani kwa miguu. Akachemsha maji na chumvi na sukari kidogo, akatia pilipili manga, karafuu, mbegu za giligilani na za haradali, na shura kiasi cha ncha ya kisu, maana bila shura nyama hugeuka kijivu kama kitambaa cha deki. Maji yalipopoa akayamimina kwenye gudulia la udongo, akazamisha nyama, akaikandamiza kwa sahani na jiwe, akalipeleka gudulia chini kwenye chumba cha baridi. Kila siku alishuka kuigeuza. Siku ya tatu ndipo Attracta alipomuuliza, kwa sauti ya mtu ambaye jibu analo tayari, kama amekumbuka kutazama kalenda. Mtakatifu Patrick mwaka huo alikuwa ameangukia Ijumaa, tena ya Kwaresima.

Delia hakulala vizuri siku zilizofuata. Aliigeuza nyama huku akijiuliza anaigeuza ya nini. Lakini Jumapili, baada ya mahubiri, padri akasoma barua ya Baba Askofu. Kwa heshima ya Mtakatifu Patrick, waamini wa jimbo waliruhusiwa kula nyama siku hiyo moja, na atakayekula atafute kitubio kingine mwenyewe. Kanisa zima likashusha pumzi kwa pamoja, kwa sababu hakuna nyumba pale South Boston ambayo haikuwa na kidari kinachongoja mahali fulani. Delia alikaribia kupiga makofi. Aliona kama Mungu mwenyewe amemwekea meza.

Sasa ndio hiyo siku yenyewe. Saa nne na nusu aliitoa nyama kwenye gudulia, akaiosha kwa maji baridi, akaiweka kwenye maji mapya, akayamwaga yalipoanza kuchemka ili chumvi ipungue, akatia mengine. Akaengua povu. Akapunguza moto. Baada ya hapo hakukuwa na la kufanya kwa saa tatu nzima, na hilo ndilo lililomtesa. Alibadilisha kitambaa cha meza akaweka cha kitani, akakiona kinajionyesha, akarudisha cha mwanzo. Alihesabu viti, vitano, kana kwamba vinaweza kuzaa. Alivua aproni, akaivaa. Alishuka chini kwenye chumba cha baridi, akasimama mbele ya gudulia tupu, akapanda tena bila kujua alichofuata.

Saa saba Attracta akateremka. Alikuwa amevaa nguo yake ya kijani ya sikukuu na kipande cha majani ya shamroki, alama ya Mtakatifu mwenyewe, kifuani, na mkononi ameshika kopo la sadini.

"Hiyo nini?" Delia akauliza.

"Chakula changu. Ruhusa si amri, wifi. Baba Askofu kasema anayetaka ale, hajasema lazima."

"Basi usile."

"Sili." Attracta akaketi, akaliweka kopo mbele yake kama mtu aliyeweka dau. "Na yule Mluteri atakula nini?"

"Nyama. Nitampakulia mimi."

Attracta akalisogeza kopo lake karibu. Kisha akasema taratibu kwamba watu wangeshangaa sana kusikia hivyo, baada ya yote yale, na Delia akamjibu kwamba watu wana midomo yao na yeye ana sufuria yake. Lakini moyoni hakuwa na ujasiri huo. Alikwenda dirishani.

Nje hapakutulia pia. Maandamano ya sikukuu yalikuwa yanapita mtaa wa pili, ngoma na filimbi zinasikika zikisogea na kurudi, watu wamejaa barabarani na skafu za kijani, polisi wamefunga njia kwa kamba. Upepo ulikuwa na theluji nyepesi isiyoamua kuanguka. Delia akawaza kwamba gari la Fintan halitapita. Halafu akawaza kwamba litapita, ila hatakuja. Halafu akawaza kwamba atakuja peke yake, na wazo hilo, ambalo miaka minne iliyopita lingemfurahisha, leo lilimkata maini.

Kabichi ndiyo iliyomvuruga zaidi. Kabichi huingia mwisho, dakika kumi na tano tu, imekatwa mapande na kisiki chake kikiachwa ili isisambaratike, na inataka kuliwa pale pale. Viazi na karoti vinaweza kuvumilia, kabichi haina uvumilivu. Saa nane kasorobo aliitia, kwa sababu wamesema saa nane. Saa nane ikafika, ikapita. Saa nane na nusu kabichi ilikuwa imekuwa uji, imegeuka rangi, jiko zima linanuka soksi. Delia akaiopoa yote akaitupa. Kilikuwepo kichwa kingine. Akakikata, akakiweka kando ya jiko, akasimama nacho.

"Saa nane si ilishapita?" Attracta aliuliza, akijua vizuri saa ni ngapi.

Delia alikwenda ukumbini akapiga simu kwa Fintan. Ikalia mpaka ikachoka. Hilo lingeweza kumaanisha wako njiani. Lingeweza pia kumaanisha wamekaa nyumbani wanaitazama simu ikilia. Alirudi jikoni, akafunua sufuria, akachoma nyama kwa uma. Uma ukaingia bila ubishi na kutoka hivyo hivyo. Ilikuwa imeiva, imeiva vizuri kuliko alivyowahi kuivisha, na hakuna wa kuila. Akazima moto. Akauwasha tena. Mara tatu zilizofuata alisikia gari, na mara zote tatu halikuwa lao.

Saa kumi kasoro dakika kumi, kengele ya mlango ikalia. Delia alisimama katikati ya jiko, mpaka Attracta akamwambia kama hafungui atafungua yeye. Hapo akashuka.

Fintan alikuwa amepungua nywele. Hilo ndilo la kwanza aliloliona, na lilimuuma kwamba zilipungua yeye hayupo. Mwanawe alisema barabara zimefungwa, wamezunguka saa nzima na nusu, wakaliacha gari mbali wakatembea. Alimbusu shavuni kwa haraka kama anayebandika stempu. Nyuma yake kulikuwa na mtoto wa kike mwenye koti jekundu, nyusi za Colman zimekaa juu ya macho ya bluu, jina lake Britta, akimtazama Delia kwa makini ya mtoto anayeangalia mbwa asiyejulikana kama anauma. Na nyuma ya mtoto alisimama Karin, amekonda, pua nyekundu kwa baridi, ameshika mikononi bakuli lililofungwa kwa taulo.

Delia akanyoosha mikono kulipokea. Karin hakulitoa. Wala hakulikumbatia kwa ukali, alilishika tu, na vidole vyake vikakaza kidogo. Delia akashusha mikono.

"Leo Ijumaa," Karin alisema. "Nimepika samaki."

Walipanda hadi jikoni. Harufu iliwapokea kabla hawajakaribishwa kiti. Karin akasimama mlangoni, akanusa, akaitazama sufuria, akamtazama Fintan, na Fintan akainua mabega kuonyesha kwamba hana habari. Kumbe wale watu hawakuwa wakienda Misa parokia yoyote, hakuna aliyewasomea barua.

"Mnakula nyama leo," Karin alisema. Hakuuliza.

Delia alikuwa ameyaandaa maneno, machache, ya kumwambia akae, chakula kiko tayari. Lakini Attracta alishamtangulia. Alieleza kwa furaha, kama mwalimu aliyepata mwanafunzi, kwamba ipo ruhusa. Baba Askofu ameandika. Ilisomwa makanisani kote. Ni kwa leo tu, kwa heshima ya Mtakatifu.

"Ameandika barua?"

"Ukurasa mmoja tu," Attracta alisema, kwa fahari, kana kwamba ufupi wenyewe ni muujiza.

Karin akaliweka bakuli mezani. Alilifungua taulo polepole, akalikunja mara mbili, akaliweka kando. Alipoanza kusema sauti yake haikupanda hata kidogo, na hiyo ndiyo iliyofanya kila mtu atulie.

"Mimi nimejifunza," alisema. "Miaka minne Fintan hajala nyama Ijumaa nyumbani kwangu, hata alipotaka. Nilikwenda kwa padri wa mtaani kwetu nikamuuliza, akanipa kalenda yenye alama ya samaki kwenye siku zenu. Nazijua zote. Nazijua kuliko yeye. Nilisema siku nikirudi kwa mama yake sitakosea tena." Akaitazama sufuria. "Kumbe ni barua tu. Mtu mmoja akiandika, inaliwa."

Fintan akamshika mtoto mkono, na kwa mkono wa pili akashika kitasa cha mlango. "Karin, twende zetu," alisema. Hakumtazama mama yake.

Delia naye akaitazama sufuria. Siku kumi na mbili aliigeuza nyama ile kwenye chumvi ili imsemee, na nyama imesema kweli, ila si alichoituma. Imesema kwamba sheria ni ya kwao, wanaifunga na kuifungua wapendavyo, na siku ile ya pipa ilifungwa dhidi ya mtu mmoja tu. Attracta alikuwa ameshaanza kufafanua, ooh, hapana, si hivyo, kuna mamlaka ya jimbo, kuna sababu nzito, mtu wa nje hawezi kuelewa haraka.

"Attracta, nyamaza," Delia alisema.

Kwa miaka thelathini hakuwahi kumwambia hivyo.

Maneno hayakuwepo kinywani mwa Delia. Ilibidi ayafuate mbali, moja moja, na kila moja lilikuwa na miba. Aliushika mgongo wa kiti.

"Haikuwa kwa sababu ya Ijumaa," alisema.

Karin akageuka.

"Siku ile. Nilijua hujui. Nilikuona mlangoni na bakuli lako, nikajua kabisa huyu hajui. Ningeliweka kwenye friji mpaka Jumamosi, mtu yeyote angefanya hivyo. Lakini Fintan alikuwa anakuangalia wewe. Tangu mlipoingia hakuniangalia hata mara moja. Colman alikuwa hajatimiza mwaka tangu afe, na sasa huyu naye anaondoka. Nikatafuta kitu cha kukupigia, nikaikuta Ijumaa iko karibu."

Attracta alikuwa ameinua mkono kifuani, pale kwenye shamroki yake.

"Na wewe wifi," Delia alisema bila kumgeukia, kwa sababu angegeuka angeishiwa nguvu, "umekwenda kuwasimulia watu kuwa ni imani. Mimi nikakaa kimya nikapewa benchi la mbele. Ulikuwa wivu. Wivu mtupu." Akamtazama Karin. "Nilikosa, Karin. Nilimwaga chakula chako nikijua nafanya nini."

Basi. Limetoka. Mtu angetegemea kusikia nafuu baada ya kusema neno kama hilo, lakini Delia hakusikia nafuu yoyote, alisikia aibu ya moto kutoka shingoni hadi kwenye mizizi ya nywele. Nje ngoma ziliendelea kupigwa. Fintan alikuwa bado ameshika kitasa cha mlango, na Britta aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama anaweza kuvua koti.

Karin alikuwa akimtazama mumewe, si Delia.

"Uliniambia ni dini," alisema. "Miaka minne unaniambia ni dini tu, nisiichukulie vibaya, ndivyo walivyo. Mimi niliona usoni kwa mama yako. Nikawa nasema labda mimi ndiye mwenye roho mbaya, natafuta ubaya pasipo na ubaya."

Fintan aliona haya, na ilikuwa haki yake kuona haya, kwa maana kwa miaka minne alitafuta njia rahisi na mkewe ndiye aliyebeba mzigo wake. Aliachia kitasa. Akainama akaanza kumfungua mtoto vifungo vya koti, kimoja kimoja, kwa muda mrefu kuliko vifungo vyenyewe vilivyohitaji.

Karin akavuta kiti, akakaa.

"Sijasahau," alimwambia Delia. "Na sitakwambia nimesahau. Tukienda California nitakwenda nayo. Lakini mimi si mwendawazimu, na leo nimejua kwamba si mwendawazimu." Akavua glavu. "Nikatie nyama."

Delia akalitazama bakuli la samaki. Alikuwa chewa, ameokwa na siagi na bizari, safi, kando yake viazi vidogo vimepangwa kwa mstari. Kabla ya kugusa sufuria alichukua sahani yake mwenyewe, akajipakulia samaki yule vijiko viwili vikubwa, akaiweka mahali pake mezani. Attracta aliona akahema. Kisha Delia akatia kabichi kwenye maji, akakiopoa kidari na kukiweka kwenye ubao, kinatoa moshi, chekundu kama kinavyotakiwa.

Kidari kina nyuzi ndefu. Anayekijua hukizungusha ubaoni, akaona nyuzi zinaelekea wapi, akakata kwa kuzikatisha, vipande vyembamba, na hapo nyama huyeyuka mdomoni. Ukikata kwa kufuata nyuzi unakula kamba. Hata mtoto wa South Boston anajua hilo. Delia alikuwa amekata vidari kwa miaka thelathini na tano, kwenye harusi, kwenye matanga, siku ya kumzika Colman watu sitini walikula na hakuna aliyetafuna mara mbili. Lakini macho yalikuwa yamejaa maji yasiyotaka kumwagika wala kurudi. Alikata. Alipanga vipande vitatu kwenye sahani ya Karin, karoti, kiazi, kabichi iliyoiva vizuri safari hii, na alipoiweka sahani mezani ndipo alipoona. Alikuwa amezifuata nyuzi mwanzo hadi mwisho.

Attracta alikuwa ameshaona. Alifungua kinywa, akamtazama wifi yake usoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake marefu akaamua kutokusema kitu.

"Ngoja nikukatie vingine," Delia alisema.

Karin alikuwa ameshatia kipande mdomoni. Alitafuna. Jiko zima lilimsubiri. Alitafuna upande wa kulia, akahamishia wa kushoto, taya linafanya kazi, nyuzi zinakataa, macho yake yametulia juu ya Delia bila kubanduka. Fintan alisimama na koti jekundu mkononi. Delia hakukaa, hakujua kama anaruhusiwa kukaa. Ilichukua muda, muda mrefu sana, mpaka hatimaye koo lile jembamba likapanda na kushuka.

"Ngumu," Karin alisema.

"Ngumu," Delia alikubali.

Karin akanywa maji kidogo. Akakata kipande cha pili, akakitia haradali, akaanza kukitafuna. Kwa mguu akakisukuma kiti kilichokuwa kando yake, kikatoka chini ya meza, akamwonyesha Delia kwa kidevu akae.